Kuoa, Kuolewa na Kurithiwa: Lugha ya Usawa wa Wanawake na Wanaume katika Mikataba ya Kimataifa



1. Utangulizi

Naomba kuuanza mhadhara huu kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhadhiri kijana, niliombwa kufasiri kwa Kiswahili baadhi ya vifungu vya Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ili visomwe katika semina ya wanakijiji. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinawapa mwanamume na mwanamke haki iliyo sawa ya kuingia katika ndoa. Pasipo kusita niliandika kwamba mwanamume ana haki ya kuoa na mwanamke ana haki ya kuolewa. Siku ya semina, bibi mmoja mtu mzima aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, sasa hapo kipya ni kipi? Kuolewa tumekuwa tukiolewa tangu enzi za bibi zetu."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka. Lakini jioni ile nilipoirudia karatasi yangu, nilitambua kwamba bibi yule alikuwa amenisahihisha barabara. Waandishi wa mkataba waliwaweka watu wawili mbele ya ndoa, kila mmoja akiingia kwa hiari na kwa miguu yake. Mimi, kwa kutumia kitenzi nilichopewa na lugha yangu bila hata kukitafuta, nilimrudisha mmoja wao katika nafasi ya kutendwa. Hakuna neno nililoliacha, wala hakuna nililoliongeza. Hata hivyo, ile haki haikuwa imefika.

Hoja ya mhadhara huu inatokana na kosa hilo. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya jitihada za kimataifa za kuleta usawa wa wanawake na wanaume ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kumhamisha mwanamke kutoka nafasi ya mtendwa hadi nafasi ya mtenda mbele ya sheria. Aidha, nitaeleza kwamba kwa msemaji wa Kiswahili mvutano huo haumo sana katika nomino na viwakilishi, kama ulivyo katika lugha kadhaa za Ulaya. Umo katika vitenzi. Asiyelitambua jambo hili anaweza kufasiri mikataba yote ya dunia na bado asimfikishie mwanamke wa kijijini haki hata moja.

2. Binadamu ni nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945. Kati ya watu 160 walioutia saini, wanawake walikuwa 4 tu: Bertha Lutz wa Brazili, Minerva Bernardino wa Jamhuri ya Dominika, Virginia Gildersleeve wa Marekani na Wu Yi-fang wa Uchina. Lutz na Bernardino walishikilia kwamba usawa wa haki za wanaume na wanawake utajwe waziwazi. Ukatajwa katika utangulizi wa mkataba. Mwaka uliofuata, 1946, iliundwa Kamisheni ya Hadhi ya Wanawake, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bodil Begtrup wa Denmaki.

Ubishi wa kilugha ulijitokeza wakati wa kuandika Tangazo la Haki za Binadamu. Rasimu za mwanzo za Kiingereza zilisema kwamba wanaume wote ni sawa, kwa kutumia neno ambalo katika lugha hiyo humaanisha wanaume na pia, kwa mazoea, watu wote. Eleanor Roosevelt, aliyeongoza kamisheni iliyoandaa tangazo hilo, aliona kwamba neno hilo lilikwisha kuzoeleka kuwa linajumuisha kila mtu. Hansa Mehta, mjumbe wa India, hakukubali. Alihofu kwamba zipo nchi ambazo zingelisoma neno lile kama lilivyoandikwa, na wanawake wakabaki nje. Tangazo lilipopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, kifungu cha kwanza kilizungumzia watu wote kwa neno lisilobagua. Inafaa tukumbuke kwamba aliyesimamia badiliko hilo alikuwa mwanamke wa Asia, kutoka nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia.

Sasa tutazame Kiswahili. Mfasiri wa kifungu hicho hakupata taabu yoyote: aliandika "watu", na neno "mtu" halijapata kuwa la kiume. Jambo la kuvutia zaidi liko mwishoni mwa kifungu. Kiingereza, pamoja na juhudi zote za Mehta, kiliendelea kuwataka watu waishi kwa moyo wa kaka na kaka. Kiswahili kinasema "kindugu", na ndugu kwetu ni wa kike na wa kiume. Hivyo basi, katika neno hili moja tafsiri ilikuwa na usawa kuliko matini chanzi.

Hata neno "binadamu" lina funzo lake. Asili yake ni Kiarabu, yaani mwana wa Adamu, na ndani yake imo "bin" ileile inayomtambulisha mtoto wa kiume, tofauti na "binti". Kwa kufuata asili tungesema kwamba haki za binadamu ni haki za wana wa kiume wa Adamu. Hakuna Mswahili anayelielewa hivyo. Neno lilipovuka bahari liliiacha jinsi yake pwani, likawa mali ya kila mtu. Kwa upande mwingine, Kifaransa mpaka leo kinatumia kwa kawaida, katika istilahi ya haki za binadamu, neno linalomaanisha pia mwanamume, na mjadala juu yake haujesha.

3. Usawa wa viwakilishi na tofauti ya vitenzi

Kutokana na mifano hiyo, wako wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya usawa kwa maumbile yake. Dai hili lina ukweli ndani yake. Mfumo wetu wa ngeli hauwatenganishi wanawake na wanaume. Tunaposema "amefika", kiambishi *a-* hakituambii aliyefika ni nani kati ya wawili hao. Wakati wasemaji wa Kiingereza walipokuwa wakitafuta neno jipya la kumwita mwanamke aongozaye kikao, sisi tulikuwa na "mwenyekiti", yaani mwenye kiti, awe nani awaye. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema "Rais", na viambishi vyake ni *a-* na *-ye-*. Mwezi Machi 2021, mwanamke aliposhika madaraka hayo kwa mara ya kwanza, matini ya Kiswahili haikuwa na kiwakilishi chochote cha kiume cha kuelezewa upya.

Lakini tukiviacha viwakilishi tukaingia katika vitenzi, picha inabadilika. Juma anamwoa Asha. Asha anaolewa na Juma. Sentensi "Asha amemwoa Juma" haina kosa la kisarufi, ila husemwa kwa kejeli, na anayekejeliwa ni Juma. Kauli ya kutendesha humwingiza mtu wa tatu: mzee amemwoza bintiye. Hapo binti anakuwa kitu kinachopitishwa kati ya watenda wawili, mmoja akioza na mwingine akioa. Ni kauli ya kutendana pekee, "wameoana", inayowaweka wawili hao kwenye daraja moja.

Kitenzi "kurithi" kinatufunza zaidi. Katika matumizi ya kawaida mtu hurithi mali. Hata hivyo, katika jamii kadhaa za bara kitenzi hicho huchukua pia yambwa ambayo ni mtu: ndugu wa marehemu anamrithi mjane, naye mjane anarithiwa. Palipo na desturi hiyo, mwanamke hawi mrithi wa mali ya mumewe. Anahesabiwa pamoja na mali.

Nisieleweke kwamba hali ilikuwa moja kila mahali wanapozungumza Kiswahili. Kwa Waislamu wa mwambao, mjane hurithi: hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Mabinti nao wana mafungu yao, ingawa fungu la binti ni nusu ya lile la kaka yake. Unaweza kuujadili uwiano huo, na wanazuoni wanaujadili. Lakini kisarufi mwanamke hapo ni mtenda. Yeye ndiye anayerithi.

4. Kutoka Dar es Salaam hadi Beijing

Huambiwa mara nyingi kwamba habari za usawa wa wanawake zililetwa Afrika na mikutano ya wageni. Mfuatano wa matukio hauungi mkono kauli hiyo. Tarehe 31 Julai 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa miezi isiyofika minane, wanawake kutoka nchi mbalimbali za bara hili walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao. Tarehe hiyo huadhimishwa hadi sasa kuwa Siku ya Mwanamke wa Afrika. Mkutano huo ulitangulia kwa miaka 13 mkutano wa kwanza wa dunia wa wanawake ulioitishwa na Umoja wa Mataifa. Nao wanawake wa Tanganyika hawakuwa wageni wa siasa, kwani tangu 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa ameongoza sehemu ya wanawake ya TANU.

Mkutano wa kwanza wa dunia ulifanyika mjini Mexico mwaka 1975, wa pili Copenhagen mwaka 1980, wa tatu Nairobi mwaka 1985 na wa nne Beijing mwaka 1995. Kati ya mkutano wa kwanza na wa pili, tarehe 18 Desemba 1979, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha ule mkataba nilioukosea tafsiri. Una vifungu 30 na ulianza kutumika tarehe 3 Septemba 1981. Kenya iliuridhia mwaka 1984 na Tanzania mwaka 1985. Kifungu cha mwisho kinataja lugha 6 ambazo matini zake zina nguvu sawa: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kila neno la mkataba huo linalomfikia msemaji wa Kiswahili limepita mikononi mwa mfasiri, na uzito wa kazi ya mfasiri unaanzia hapo.

Upo uteuzi mmoja wa neno ambao wafasiri waliupatia. Waliita jambo linalokatazwa na mkataba "ubaguzi". Kubagua ni kutenga, na katika miaka ya mapambano ya ukombozi kusini mwa Afrika neno hilo lilikuwa likisikika redioni kila siku likihusu rangi. Msikilizaji wa Kiswahili alikwisha kufundishwa kwamba ubaguzi ni uovu usiovumilika. Mkataba ulipomwambia kwamba kumnyima binti urithi ni ubaguzi, ulimtaka aitazame nyumba yake kwa jicho lilelile alilokuwa akiitazamia Pretoria. Wengi hawakupenda, lakini walielewa.

Mkutano wa Nairobi, wa tarehe 15 hadi 26 Julai 1985, ndio wa kwanza wa aina yake kufanyika Afrika, nao uliongozwa na Margaret Kenyatta. Pamoja na kikao cha serikali kilichofanyika katika jumba la mikutano la Kenyatta, palikuwa na jukwaa la asasi zisizo za kiserikali kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako maelfu ya wanawake walijadiliana. Mwaka huohuo kilianzishwa chama cha wanasheria wanawake cha FIDA nchini Kenya. Nchini Tanzania, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilianza mwaka 1987. Kuanzia hapo, mambo ambayo hapo awali yaliitwa ya nyumbani, kama vile vipigo na ubakaji, yalianza kuandikwa magazetini kwa majina yake.

Mkutano wa Beijing, wa tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995, ulikuwa na Katibu Mkuu kutoka kwetu, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Kwa mwanaisimu, jambo kubwa lilitokea kabla ya mkutano wenyewe. Wakati wa maandalizi, baadhi ya wajumbe walitia shaka neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifasiri kuwa "jinsia", wakataka lisipite bila kufafanuliwa. Kikaundwa kikundi cha kulijadili, kikiongozwa na Selma Ashipala wa Namibia. Uamuzi wao ulikuwa kwamba neno lile lieleweke kama lilivyokuwa likieleweka kwa kawaida katika matumizi ya Umoja wa Mataifa. Yaani, baada ya mjadala mrefu, neno halikupewa fasili. Liliachiwa matumizi.

Kwetu pia neno "jinsia" limeachiwa matumizi. Limetokana, sawa na "jinsi", na neno la Kiarabu lenye maana ya aina, ambalo wanaisimu hulifuatilia hadi Kiyunani, kwenye ukoo mmoja na lile neno la Kiingereza. Lakini "jinsi" kwetu ni pia namna: jinsi ya kupika, jinsi alivyosema. Ukoo huu ulikuwa na faida ambayo hatukuitumia. Tungeweza kueleza kwamba jinsia ni namna jamii inavyowataka wanawake na wanaume wawe, tofauti na maumbile waliyozaliwa nayo. Badala yake, katika mazungumzo ya kawaida "mambo ya jinsia" yakawa mambo ya wanawake, na "Beijing" likawa jina la kumdhihaki mwanamke asemaye mbele ya watu. Nimelisikia likitamkwa hivyo sokoni, kwenye basi na hata katika vikao vya wasomi. Dhihaka hiyo ni ushahidi kwamba ujumbe ulikuwa umefika, maana jamii haisumbuki kudhihaki kisichoigusa.

5. Maneno mbele ya hakimu

Thamani ya mkataba hupimwa mahakamani. Nitataja mashauri manne.

La kwanza ni lile la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Mwanza mwezi Februari 1990. Mwanamke wa Kihaya alikuwa amerithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo wao. Ndugu wa ukoo alimshtaki, akitegemea kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Jaji Mwalusanya alirejea haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, Tangazo la 1948 na ule mkataba wa 1979, kisha akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Tuangalie kitenzi kilichobishaniwa. Kutumia alikwisha kuruhusiwa. Kuuza ndiko kulikokataliwa. Kutumia ni kwa yule aliyepewa nafasi, na kuuza ni kwa mwenye mali.

La pili ni la Kenya, Rono dhidi ya Rono, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2005. Marehemu aliacha wana wa kiume na mabinti, na Mahakama Kuu iliwapa mabinti sehemu ndogo ya ardhi kuliko kaka zao. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba mabinti wanaweza kuolewa. Kitenzi kimoja kilitosha kupunguza urithi wa mtu. Mahakama ya Rufani ilirejea mikataba ya kimataifa ambayo Kenya iliiridhia, ikagawa upya kwa usawa.

La tatu linasikitisha. Wajane wawili wa Tanzania, waliotolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao, walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni za mila za mwaka 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha, kwa hofu kwamba mila za makabila mengine nazo zingefuatia njia hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao kwa kasoro ya utaratibu. Wajane wale walipeleka malalamiko yao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa 1979, na mwaka 2015 Kamati ilisema kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka wajibu wake, ikashauri walipwe fidia na sheria irekebishwe. Tangu hukumu ya Mwanza hadi maoni ya Kamati ilikuwa imepita miaka 25.

La nne linaturudisha kwenye ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu husika. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani iliuthibitisha tarehe 23 Oktoba 2019, ikaagiza umri uwe miaka 18 kwa wote katika muda wa mwaka mmoja. Muda huo ulipokwisha, Oktoba 2020, Bunge lilikuwa halijaibadili sheria. Tofauti ya miaka 3 kati ya 15 na 18 inatafsiri kwa tarakimu kile nilichokieleza kwa sarufi: anayeoa sharti awe mtu mzima, ilhali anayeolewa inatosha kuwa tayari kupokewa.

Kutokana na mashauri haya, ni lazima nikubali mpaka wa hoja yangu. Majaji wa mwaka 2006 walilielewa neno "ubaguzi" vizuri kabisa, wakalitamka, na bado wajane hawakupata nyumba zao. Lugha peke yake haifungui mlango. Lakini asiyeweza kulitaja jambo lililomfika hawezi hata kufika mlangoni.

6. Maputo 2003: mwanamke na Kiswahili katika hati moja

Afrika ilijiandikia mkataba wake mwenyewe mjini Maputo tarehe 11 Julai 2003: Itifaki ya Haki za Wanawake katika Afrika, nyongeza ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2005. Kifungu cha 6 kinataka ndoa iwe ya hiari ya pande zote mbili na kinaweka umri wa chini wa mwanamke kuwa miaka 18. Kifungu cha 20 kinampa mjane haki ya kuolewa tena, na kuolewa na amtakaye. Kifungu cha 21 kinampa sehemu ya haki katika mali ya mumewe na kumruhusu aendelee kuishi katika nyumba ya ndoa. Hapa mjane anayerithiwa anageuzwa waziwazi kuwa mjane anayerithi.

Pale pale Maputo, katika mkutano uleule, viongozi walipitisha pia marekebisho ya Hati ya Kuunda Umoja wa Afrika. Marekebisho hayo yana mambo mawili yanayotuhusu: yanautaka Umoja uhakikishe kwamba wanawake wanashiriki kikamilifu katika maamuzi, na yanakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja. Mwanamke na Kiswahili waliingia katika hati moja, siku moja. Wote wawili walikuwa wameifanya kazi ya bara hili kwa muda mrefu bila kupewa kiti.

Wasikilizaji makini watakuwa wamegundua kwamba, nilipokuwa nikikieleza kifungu cha 20, mimi mwenyewe nimesema "kuolewa tena". Nimelifanya kosa lilelile la ujana wangu, safari hii nikijua. Jaribuni kuisema haki hiyo kwa Kiswahili cha kawaida bila kitenzi hicho, nanyi mtaona ugumu ulipo.

7. Hitimisho: kazi iliyo mbele yetu

Kwa muda mrefu, sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, huku mahakama za mwanzo, zinazosikiliza mashauri mengi ya ndoa na mirathi, zikiendeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imekiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hivyo basi, kazi ya kufasiri sheria imekuwa wajibu wa taifa, na wengi wa watakaoifanya watatoka katika madarasa kama haya.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, pale sheria inapozungumzia haki ya watu wawili, mfasiri atumie "kufunga ndoa" au "kuoana", asiigawe haki moja kuwa kuoa kwa huyu na kuolewa kwa yule. Kifungu cha 20 cha Maputo kinaweza kusema kwamba mjane ana haki ya kufunga ndoa nyingine na mtu amtakaye. Pili, katika matini za sheria kitenzi "kurithi" kipewe yambwa ya mali pekee. Desturi ya kumchukua mjane itajwe kwa maelezo yake, isijifiche ndani ya kitenzi kinachoifanya ionekane kuwa aina mojawapo ya mirathi. Tatu, neno "jinsia" lifundishwe pamoja na "jinsi", ili mwanafunzi aelewe tangu mwanzo kwamba linamhusu mwanamume kama linavyomhusu mwanamke.

Sipendekezi kwamba "kuolewa" kufutwe katika kamusi. Neno hilo limo katika nyimbo za harusi, katika hadithi na katika furaha za watu, na hakuna mwanaisimu mwenye mamlaka ya kuliondoa huko. Ninachosema ni kwamba nyimbo ni nyimbo na sheria ni sheria. Mtu anaweza kuimbiwa kwamba ameolewa, ilhali cheti chake kinasema kwamba amefunga ndoa.

Ile karatasi yangu ya semina niliisahihisha. Kifungu cha 16 kikasomeka kwamba mwanamume na mwanamke wana haki iliyo sawa ya kufunga ndoa, kila mmoja kwa hiari yake na na mtu aliyemchagua mwenyewe. Sikupata nafasi ya kurudi kijijini kumsomea yule bibi. Kazi hiyo ya kurudi nawaachia ninyi wanafunzi, pamoja na sheria zote ambazo bado hazijafasiriwa. Kila mnapokamilisha kifungu, jiulizeni swali lake: hapo kipya ni kipi? Ikiwa hamna jibu, basi tafsiri haijakamilika.